Injini inachechemea na kuna harufu ya kuungua: namna ya kufuatilia kwenye gari la zamani

Gari linapanda kutoka Nyawera kuelekea Kadutu, mjini Bukavu. Gia ya kwanza, watu wanne ndani, mvua imetoka kukatika. Katikati ya mpando injini inaanza kukatakata: inavuta, inaacha, inavuta tena. Usukani unatetemeka mikononi. Kisha harufu inaingia kupitia matundu ya hewa. Mwenye gari akifika gereji, neno lake la kwanza ni lile lile: "Fundi, niwekee buji mpya."

Buji, yaani plagi, ndiyo inayolaumiwa kwanza Bukavu nzima. Mara nyingi haina kosa lolote. Imelowa tu kitu kilichotoka mahali pengine. Ukiibadilisha bila kutafuta kilichoilowesha, gari litatulia wiki mbili kisha litarudi na ugonjwa ule ule, na pesa ya plagi imekwenda. Kinachotuonyesha mahali pa kuanzia ni ile harufu ambayo mwenye gari anaitaja mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo.

Ninayoyaeleza hapa ni ya magari ya petroli yaliyojaa mjini kwetu: Corolla, Carina na RAV4 za kizazi cha kwanza (1994 hadi 2000), yenye silinda nne, nyaya za plagi, na kigawa umeme ambacho gereji zote huku huita delko. Gari la mazutu, yaani dizeli, halina plagi za kutoa cheche, kwa hiyo njia yake ni nyingine.

Kabla ya kufungua boneti

Harufu mbili hazingojei: petroli mbichi, na plastiki inayoungua. Ukisikia mojawapo, egesha, zima injini, watu washuke, weka jiwe nyuma ya tairi. Ukiweza kuifikia betri bila kugusa kinachoungua, toa waya wa upande wa hasi. Kama moshi unatoka chini ya boneti, usiinue boneti kwa ghafla, kwa sababu hewa inayoingia huukuza moto. Na maji hayazimi petroli, huisambaza tu. Tumia kizima moto cha poda, au mchanga na udongo.

Harufu nyingine zote zinakuruhusu kuegesha kwa utulivu na kufikiri. Lakini usiendelee kulisukuma gari linalochechemea hadi Panzi au Bagira kwa sababu tu bado linatembea. Silinda isiyowaka inatupa petroli mbichi kwenye bomba la moshi, na petroli hiyo inawaka huko ndani. Kama gari bado lina kichujio chake cha moshi, kile chungu cha chuma kilicho chini ya sakafu, kinaweza kuwa chekundu kama kaa la jikoni. Zulia la ndani huanza kunuka, na ukiegesha juu ya majani makavu unaweza kuyawasha. Kwenye magari ya baadaye yenye kompyuta inayofuatilia hali hiyo, taa ya injini ikiwa inawakawaka badala ya kuwaka moja kwa moja, ndicho inachokuambia.

Harufu ni ya nini?

Oili inanuka kama sufuria ya mafuta ya kukaangia iliyosahauliwa juu ya makaa. Huzidi unaposimama baada ya kupanda, kwa kuwa gari likitembea upepo huibeba. Ukifungua boneti unaweza kuona moshi mwepesi wa buluu ukipanda kutoka kwenye bomba za chuma zinazopokea moshi wa injini. Hii ndiyo harufu ninayokutana nayo zaidi pamoja na kuchechemea, na nitairudia kwa kirefu.

Harufu tamu kidogo ni ya dawa ya rejeta. Lakini tuseme ukweli: magari mengi hapa yanatumia maji matupu, hivyo utamu huo hautausikia. Utaona mvuke na mshale wa joto ukipanda, basi.

Harufu ya yai bovu hutoka kwenye kichujio cha moshi kinachopokea petroli nyingi kupita kiasi. Mpira unaoungua, ukiambatana na mlio mkali wakati wa kuwasha au kukata kona, ni mkanda unaoteleza.

Halafu kuna harufu ya karatasi au nywele zilizoungua. Hiyo ni klachi au breki, na haisababishi injini kuchechemea. Hata hivyo, injini dhaifu inaweza kuileta. Dereva anaona gari halipandi, anashikilia klachi nusu na kukanyaga mafuta, na baada ya mita mia mbili klachi inanuka. Nimewaona watu wakibadilisha klachi nzima wakati ugonjwa ulikuwa waya mmoja wa plagi. Kwa hiyo muulize dereva: injini ilianza kukatakata kabla ya harufu, au harufu ilitangulia? Kama harufu imekuja wakati wa kuteremka, mfano kwenye miteremko ya Ngomo kuelekea Kamanyola, hapo usiisumbue injini kabisa. Simama, pitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Lililo na joto kuliko mengine lina breki iliyoganda.

Tafuta silinda iliyolala

Hapa watu wengi hukimbilia kununua. Subiri. Silinda nne haziumwi kwa pamoja mara nyingi. Kwa kawaida moja ndiyo imelala, na ukiijua utakuwa umefika nusu ya safari.

Njia isiyohitaji kifaa chochote ni ya matone ya maji. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, iwashe na uiache kama dakika moja. Chovya kidole kwenye maji, udondoshe tone kwenye kila tawi la bomba la moshi pale linapotoka kwenye kichwa cha injini. Matawi matatu yatachemsha tone mara moja. La nne litabaki na tone limekaa, au litalikausha polepole. Silinda hiyo haiwaki. Kama bomba limefunikwa na bati la kuzuia joto, litoe kwanza.

Njia ya pili ni kuondoa kazi ya silinda moja baada ya nyingine. Zima injini, chomoa waya mmoja wa plagi, uweke kwenye plagi ya akiba ambayo chuma chake kimegusa mwili wa injini vizuri, kisha washa usikilize. Injini ikizidi kuyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, umeipata. Usichomoe waya injini ikiwa inazunguka huku umeushika kwa mkono mtupu, na usiuache ukining'inia hewani: umeme wa volti maelfu utatafuta njia, iwe kupitia kwako au kupitia koili na kifaa cha elektroniki kinachoiendesha, na kifaa hicho ni ghali. Jaribio lisizidi sekunde chache kwa kila silinda.

Andika namba. Silinda ya 1 kwenye injini hizi ni ile iliyo upande wa mikanda, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Nyaya zikirudishwa bila kufuata mpangilio huo, utakuwa umejitengenezea ugonjwa wa pili, na nimepokea magari mengi ambayo tatizo lilikuwa hilo tu.

Soma plagi kabla ya kuitupa

Toa plagi zote nne, uzipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake. Zitazame juani.

Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi kavu, kama masizi ya koroboi, ni petroli nyingi kuliko hewa. Kama zote nne ni hivyo, usihangaike na silinda moja. Tatizo ni la injini nzima. Iliyolowa petroli haipati cheche, hivyo rudi kwenye waya, delko au plagi yenyewe. Nyeupe yenye vidoa kama iliyopauka imepata joto kupita kiasi: hewa inaingia pasipostahili, au petroli haifiki ya kutosha, au injini inachemka.

Sasa ile yenye oili. Hapa simama utazame vizuri, kwa sababu tofauti ndogo inaokoa pesa nyingi. Oili iko wapi? Ikiwa iko juu, kwenye kauri nyeupe na kwenye nyuzi za kufungia, na ncha ya chini ni kavu, oili imemwagika kutoka juu. Ni kazi ya saa chache. Ikiwa ncha yenyewe, ile inayokaa ndani ya silinda, ina oili nyeusi yenye kunata, oili inapanda kutoka chini kupitia ringi za pistoni au inashuka kupitia sili za vali. Hiyo ni kazi kubwa, na utaona pia moshi wa buluu nyuma ya gari, hasa asubuhi ukiwasha au unapokanyaga tena baada ya kuteremka.

Mtu akikuambia "injini imekwisha" kwa kuona oili kwenye plagi, mwombe akuonyeshe ni upande gani.

Oili inayomwagika kutoka juu

Ndiyo hali inayounganisha dalili zote mbili. Juu ya injini kuna kifuniko cha vali, na plagi zimekaa ndani ya mirija mirefu inayopita katikati yake. Kifuniko kina gasketi kuzunguka ukingo, na kila mrija una sili yake. Mipira hii ikiwa na miaka zaidi ya ishirini inakuwa migumu kama plastiki. Ukingo unapovuja, oili inateremka kwenye bomba la moshi lenye joto, na hapo ndipo harufu inapotoka. Sili za mirija zinapovuja, mrija unajaa oili, waya wa plagi unaogelea ndani yake, mpira wake unavimba na kulainika, na cheche inapita pembeni badala ya kufika kwenye ncha. Injini inachechemea.

Nilipokea RAV4 ya taksi ambayo ilikuwa imebadilishiwa plagi mara tatu katika miezi michache. Mwenye gari, mzee mmoja mpole, alikuwa amekata tamaa. Nikamwambia, "Papa, shika taa, tazama ndani ya tundu la pili." Akainama, akatazama, akanyamaza kidogo. "Fundi, hii ni kisima." Oili ilikuwa imejaa karibu nusu ya mrija. Kila plagi mpya ilikuwa inatumbukizwa katika kisima kile kile. Sijui kwa nini waliotangulia hawakukausha na kuuliza oili inatoka wapi. Kilichouma ni kwamba mzee alikuwa amelipa kila mara, na kila mara aliamini.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Kabla ya kulegeza plagi, nyonya oili iliyo ndani ya mrija kwa sindano kubwa yenye mpira, au kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, la sivyo utakapoitoa plagi oili yote itaanguka ndani ya silinda. Fungua kifuniko, toa gasketi na sili zote, si ile moja tu inayovuja. Safisha sehemu za kukalia mpaka ziwe kavu. Silikoni iwekwe kidogo tu kwenye kona ambazo mtengenezaji ameonyesha. Ukiipaka kote, vipande vyake vitaanguka ndani na kuziba njia za oili. Kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo. Kukaza kwa nguvu kunaiponda gasketi, na itavuja upya kabla ya mwezi kwisha.

Kuna kitu kinachosahauliwa karibu kila mara: vali ndogo ya kupumulia injini, iliyo kwenye kifuniko hicho au kwenye mpira unaotoka hapo. Ikiziba kwa tope la oili, presha ndani ya injini inapanda na kusukuma oili nje kupitia gasketi yoyote, hata mpya. Itoe, itikise. Ikilia kama njugu ndani ya kopo, ni nzima. Ikinyamaza, isafishe au ibadilishe.

Nyaya na delko

Bukavu tuna mvua kuanzia Septemba hadi Mei hivi, na asubuhi za msimu huo huleta magari yanayochechemea mpaka saa nne, kisha yanapona yenyewe jua likipanda. Hiyo ni unyevu kwenye nyaya au kwenye kofia ya delko. Usiku, mahali penye giza, fungua boneti injini ikizunguka utazame tu: nyaya zinazovuja umeme zinatoa cheche za buluu kama vimulimuli. Ukitaka uhakika, nyunyiza maji mepesi kwa chupa ya kunyunyizia upande wa nyaya. Injini ikiyumba papo hapo, umejua.

Kwa kipima umeme, waya mmoja wa Toyota za aina hii usizidi kiloomu 25. Ukizidi sana au usiposoma kabisa, umekatika ndani. Kofia ya delko itazamwe ndani: ufa mwembamba mweusi, unga mweupe au wa kijani kwenye ncha, kile kitufe cha kaboni cha katikati kilichokwisha. Ukikuta oili ndani ya kofia, sili ya mhimili wa delko ndiyo iliyokufa, na kufuta pekee hakutasaidia.

Na harufu ya plastiki? Kabla ya kuilaumu injini, fuata nyaya zilizoongezwa: king'ora, redio kubwa, taa za ziada, fyuzi iliyobadilishwa kwa karatasi ya fedha ya sigara au kipande cha waya. Fyuzi iliyozibwa hivyo haikatiki tena. Kinachokatika ni waya, na waya hukatika kwa moto. Rudisha fyuzi ya namba yake. Sitaki mjadala kwenye hilo.

Plagi zote nyeusi: petroli, hewa na urefu wa mji

Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mji umepanda juu zaidi. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Gari la kabureta lililotegeshwa Mombasa au Dar es Salaam, hata Uvira iliyo chini yetu kwa mita karibu 700, likifika hapa linakunywa petroli nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma. Masizi, moshi mweusi, kuchechemea ukiwa umesimama. Safisha chujio la hewa kwanza, hakikisha choki inafunguka kabisa injini ikipata joto, ndipo ugeuze skrubu za kabureta.

Gari la sindano za petroli hujirekebisha lenyewe kwa sensa ya presha, lakini kwenye RAV4 hizo sensa inategemea mpira mwembamba kama mrija wa biro. Mpira ukipasuka, kompyuta inadhani umekanyaga mpaka mwisho na kumimina petroli. Huo ni mpira wa bei ndogo sana.

Kama umejaza kwa akina Kadhafi, yaani wauza petroli wa barabarani, na ugonjwa umeanza siku hiyo hiyo, toa petroli kidogo uiweke kwenye chupa angavu, uiache nusu saa. Maji yatakaa chini, mstari utaonekana. Mafuta ya taa hayataonekana hivyo. Kunusa ndiko kutakusaidia.

Ikiwa cheche na petroli ni nzuri

Basi pima mgandamizo wa silinda. Usishtuke namba zikiwa chini ya zile za kitabu cha gari: hewa nyepesi inazishusha zote kwa kiasi kile kile. Tazama tofauti baina ya silinda. Ikizidi bar 1, kuna tatizo. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda iliyo dhaifu, upime tena: ikipanda, ni ringi, isipopanda, ni vali au gasketi ya kichwa. Silinda mbili jirani zikiwa dhaifu pamoja, gasketi imeungua kati yake. Mapovu kwenye rejeta injini ikizunguka, moshi mweupe usiokwisha, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, hayo yote yanasema neno hilo hilo.

Kwa urefu wetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzuri wa rejeta unaongeza presha na kuvusha maji zaidi ya nyuzi 110. Mfuniko uliochoka, au ule uliokaziwa kipande cha mpira, unamwacha dereva na maji yanayochemka kabla hajafika juu ya Kadutu, na gasketi ya kichwa inafuata. Usiufungue injini ikiwa bado ina moto. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta ubonyezeke kwa mkono bila kukuchoma.

Ukishamaliza kazi ya oili, osha bomba la moshi na pande za injini kwa dawa ya kuondoa grisi, injini ikiwa baridi, ukiwa umefunika delko na alteneta kwa plastiki. Oili ya zamani itaendelea kunuka siku mbili tatu hata kama hakuna kinachovuja, kwa hiyo mwambie mwenye gari mapema aitarajie, asije akarudi siku ya kwanza kusema "bado inanuka." Mwite tena baada ya kilomita 100. Pitisha kitambaa cheupe chini ya ukingo wa kifuniko, chomoa waya wa silinda ile iliyokuwa imelala, mulika ndani ya mrija. Ukiwa mkavu, mrudishie ufunguo wake.